Anikeni Michembe ya Chuo

Wazazi wa Bariadi, wa Itilima, wa Maswa, wa Meatu, na ninyi wa Busega mnaoamka na upepo wa ziwa, nisikilizeni. Karatasi hii nimeiandika isomwe kanisani, isomwe msikitini, isomwe chini ya mti pale AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, watu wakisubiri zamu ya mzani. Asiyejua kusoma asomewe na mwanawe. Tena huyo mwana ndiye nitakayemsema hapa.

Neno langu la leo sikulitoa mbali. Nimelitoa juu ya jiwe lililo nyuma ya nyumba ya mama yangu.

Mnayajua mawe hayo. Mwezi wa 6 viazi vitamu vimejaa, watu wanakula viazi asubuhi, viazi mchana, mpaka watoto wakiona sufuria wanageuza uso. Hapo ndipo mama alipokuwa akikaa chini na kisu. Anaviacha vinyauke kidogo, anamenya, anakata vipande vyembamba, anavitandaza juu ya jiwe jua livipige. Vikikauka sawasawa ukivishika vinalia mkononi kama vigae. Anavifungia kwenye kihenge, basi. Ukimwomba michembe mwezi wa 7 anakufukuza na mwiko: "Kaleni viazi, viazi bado vipo!" Sasa subiri Januari. Mvua imenyesha, mgongo umepinda kwa jembe, mahindi shambani hayajafika magotini, na akiba ya mtama inakombwa chini. Ndipo sufuria ya michembe ilipoinjikwa, karanga zilizotwangwa zikamwagwa juu yake, nasi tukaenda kupalilia tukiwa tumeshiba wakati jirani anazunguka na debe kuomba mkopo wa nafaka.

Mama yangu hakujua kuandika jina lake. Lakini jambo moja alilijua tangu ujana wake, na mimi mwanawe, mwalimu niliyestaafu na mwinjilisti juu yake, nimekuja kulijua kichwa kikiwa cheupe: shibe na njaa haziji mwezi mmoja.

Chukueni kalenda ya ukutani, ile mliyopewa na muuza pembejeo. Msimu wa kununua pamba hufunguliwa Mei. Juni na Julai mizani inafanya kazi kila kijiji, na mkoa wetu huu, uliozaliwa mwaka 2012 tu, ndio unaoongoza nchi nzima kwa zao hilo. Wekeni alama hapo, andikeni SHIBE. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai. Maombi ya vyuo yanafuata, majina yanatoka, na mwishoni mwa Oktoba au mwanzoni mwa Novemba milango ya vyuo vikuu inafunguliwa. Wekeni alama ya pili. Sasa niambieni, Novemba sisi tunafanya nini? Tunapanda! Tunahitaji mbegu, tunahitaji wa kulimisha, tunaanza kuuliza bei ya dawa ya wadudu, na chumvi ya dukani tunaandikisha kwenye daftari. Andikeni NJAA. Mwanao anaitwa chuoni katika mwezi ambao wewe mwenyewe unadaiwa chumvi!

Na katikati ya alama hizo mbili kuna nini? Kuna ngoma. Kuna vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vimekabiliana uwanjani, vumbi linapanda mpaka mbinguni. Kuna harusi tatu kila Jumamosi na kadi za mchango zenye maua. Kuna sabufa dukani Bariadi mjini inayotingisha vioo vya duka la jirani. Sisemi ngoma ni dhambi. Babu yangu alicheza upande wa Bagika mpaka magoti yakamkatalia, nami nikisikia ngoma zao mguu unacheza wenyewe ndani ya kiatu. Ninachosema ni kwamba mtoto wa kidato cha sita naye yumo katika msimu huo, amekaa kimya pembeni ya uwanja, na hakuna anayemtunza.

Wacha niwaungamie yangu, maana mhubiri asiyeungama anauza maji mtoni.

Mwaka ambao binti yangu wa kwanza alimaliza kidato cha sita, Juni niliuza pamba zaidi ya kilo 2,000. Nilinunua pikipiki iliyotumika. Nilinunua sabufa, ndiyo, mimi mwinjilisti. Nilitoa dume kwenye harusi ya mtoto wa kaka yangu, na MC akataja jina langu mara mbili kwenye kipaza sauti. Wiki hiyohiyo mtu mmoja alifika nyumbani akawatazama maksai wangu wawili, wamenona kwa majani ya masika, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta. Akataja laki 7 kwa kila mmoja. Nilimcheka. Nikamwambia maksai hawa hawauzwi hata kwa dhahabu.

Oktoba niliwaswaga mwenyewe kwenda mnadani, tukatoka nyumbani nyota zikiwa bado juu. Kiangazi kilikuwa kimewamaliza. Dalali alipitisha kiganja kwenye ubavu wa yule mwekundu, taratibu, mfupa kwa mfupa, kama mtu anayehesabu noti za mwenzake, kisha akafuta mkono kwenye suruali. "Mzee, hii ni ngozi na pembe." Laki 3 na nusu kwa kila mmoja. Nilipokea, kwa kuwa basi la binti yangu kwenda Dodoma lilikuwa kesho yake. Nililipa sehemu ya ada, nikalipa godoro, nikalipa nauli, zikaisha. Novemba ile tulilima kwa jembe la mkono, mimi na mama yao na wadogo wa yule binti, tukapanda ekari 2 badala ya 5. Na kwa sababu tulipanda ekari 2, Juni iliyofuata hapakuwa na pamba ya kumlipia mwaka wa pili. Mnaona kosa moja linavyozaa na kulea wajukuu? Niliuza mguu ili ninunue kiatu.

Mtu asiniambie shida ilikuwa umaskini. Milioni 1 na laki 4 ilisimama uani kwangu mwezi wa 6 ikitafuna majani! Mwezi wa 10 ilikuwa laki 7. Ng'ombe walewale, mtoto yuleyule, baba yuleyule. Miezi minne tu, na kiburi.

Kuna usingizi mwingine uliotupata, na huu ni mtamu zaidi kwa kuwa uliletwa na jambo jema. Januari 2016 elimu ya msingi na sekondari mpaka kidato cha nne ikawa bila ada. Mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita navyo vikaingia. Tukashangilia, na ilikuwa haki kushangilia. Kabla ya hapo sekondari ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka na ya bweni 70,000. Tulilia, tukauza mbuzi, tukalipa. Sasa nauliza swali, na kila mmoja ajibu moyoni: zile 20,000 ulizosamehewa zimekwenda wapi? Najua michango haikuisha, chakula cha mchana kipo, sare zipo, daftari zipo. Lakini ada yenyewe ilipofutwa, nani kati yetu aliendelea kuilipa kwa mtoto wake? Miaka 13, tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha sita, mzazi anatembea kwenye barabara ya lami iliyonyooka. Mwaka wa 14 lami inakatika, na mbele kuna korongo.

Korongo lenyewe lina kina gani? Kwenye vyuo vikuu vya serikali ada ya shahada nyingi inacheza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 1.5 kwa mwaka, na shahada ni miaka 3 au 4. Udaktari wa binadamu ni 5. Bima ya afya ya mwanafunzi peke yake ni 50,400. Hapo hujasema kitanda, ndoo, nauli ya kutoka Bariadi kupitia Lamadi au Shinyanga, wala mwenye nyumba wa mtaani anayetaka kodi ya miezi sita mkononi kabla hajatoa ufunguo. Vyuo vya kati vya afya na ualimu navyo vina ada zake, na vile vya watu binafsi havikuhurumii.

Mtasema, Bodi ya Mikopo ipo. Ipo, na Mungu aizidishie. Iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi 2005, na watoto wengi wa wakulima wa mkoa huu wasingeliona darasa la chuo bila hiyo. Fedha ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Tangu mwaka wa masomo 2023/24 hata baadhi ya kozi za stashahada zimefunguliwa mlango. Lakini wapo wanaopata kidogo, wapo wanaopata sehemu ya ada, wapo wanaokosa, na hata aliyepata yote anaingia chuoni siku ya kwanza akiwa na mfuko aliotoka nao nyumbani. Siku ya kwanza hakuna anayekulisha kwa ahadi. Tena ni mkopo, kama jina lake. Mwanao akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka deni liishe. Kila shilingi uliyoanika nyumbani ni shilingi ambayo hataanza kazi akiwa anadaiwa.

Na hapa nisimame niseme jambo dogo ambalo limewaangusha wakubwa. Majina! Ombi la mkopo linataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Linataka saini za serikali ya kijiji na za kamishna wa viapo. Sasa mtoto wetu amezaliwa mvua ikinyesha, bibi amemwita Kabula. Kwenye kadi ya kliniki ameandikwa Kabula. Darasa la kwanza mwalimu mgeni kutoka mkoa mwingine anasikia jina la baba lenye "Ng'w" mbele, kalamu yake inagoma, anaandika "Mw". Kwenye cheti cha kidato cha nne herufi moja imeruka tena. Mwezi wa 8 unafika, dirisha la maombi linakaribia kufungwa, na karatasi tatu zinasema kuna watoto watatu! Baba anakimbia kwa wakili kuapa kwamba hao watatu ni mmoja. Yalinipata mimi, na kosa lilikuwa langu, maana mwalimu aliyeandika jina la binti yangu kwa haraka pale shuleni nilikuwa mimi mwenyewe. Basi, mzazi, wiki hii, kabla hujaweka akiba hata senti, toa vyeti vyote ndani ya ule mfuko wa rambo juu ya kabati, viweke mezani, na umwite mtoto mwenye macho makali alinganishe herufi kwa herufi. Herufi moja ikisahihishwa mtoto akiwa darasa la tatu ni safari moja ya ofisini. Ikisahihishwa mwezi wa 8 wa mwaka wa chuo ni homa.

Turudi kwenye kihenge. Kiasi gani?

Wakristo mnaijua habari ya Yusufu kule Misri, na Waislamu mnamjua Nabii Yusuf vilevile. Miaka 7 ya neema, miaka 7 ya njaa. Katika Mwanzo imeandikwa kwamba shauri lake lilikuwa kutenga sehemu 1 kati ya 5 wakati wa neema. Angalieni, alitenga nafaka ikiwa imejaa, akajaza maghala wakati chakula kinamwagika. Mimi siwaombi moja ya tano. Nawajua, mtanipiga mawe. Naomba shilingi 100 kwa kila kilo ya pamba.

Msimu wa 2019 bei elekezi ilikuwa 1,200 kwa kilo, na malipo tuliyasubiri mpaka wengine wakasahau waliuza kilo ngapi. Chukua bei hiyo kama kipimo: 100 katika 1,200 ni moja ya kumi na mbili. Ni kama kijiko cha mwisho kwenye bakuli. Mkulima wa ekari 5 akipata kilo 1,500, anatenga 150,000 siku ileile malipo yanapoingia. Akianza mtoto ana miaka 5, mpaka mtoto afike 19 ni misimu 14. Ukizifukia chini ya kitanda, panya wakikuachia, una milioni 2 na laki 1. Ukiziweka mahali panapozaa, tuseme faida ya asilimia 10 kwa mwaka, na nasema tuseme kwa kuwa hakuna wa kukuahidi hivyo, zinakaribia milioni 4 na laki 2. Nusu ya pesa hiyo hukuilima. Ililimwa na miaka.

Ndiyo maana nawapigia kelele ninyi wenye watoto wadogo zaidi kuliko ninyi wenye wa kidato cha sita. Mwenye wa kidato cha sita ana jua la wiki moja tu la kuanikia. Mwenye mtoto mgongoni ana kiangazi kizima.

"Lakini mimi nina watoto saba!" Nimekusikia. Sensa ya 2012 ilitukuta tukiwa karibu watu 7 kwa kila kaya. Basi usifungue vihenge saba. Fungua kimoja cha mji mzima. Leo hujui ni nani atakayefika chuo kikuu; yule unayemwona mzembe anaweza kukushangaza, na yule wa kwanza darasani anaweza kupenda kuchomelea vyuma VETA, naye atahitaji ada na vifaa vyake. Kihenge cha mji hakiulizi jina mpaka siku ya kuinjika sufuria.

Kiwekwe wapi? Hapa nitasema bila kuzunguka.

Ng'ombe ni benki yetu ya asili, siipigi vita. Jike mmoja aliyetengwa kwa ajili ya chuo, akajulikana na wote kwamba huyu ni wa chuo, anaweza kumfikisha mtoto mbali. Ila ng'ombe ana magonjwa, ana ukame, na ana wakati wake wa kuuzwa. Auzwe Mei au Juni akiwa na nyama, pesa ihame ikakae mahali pengine. Anayengoja Oktoba namwonyesha picha ya maksai wangu.

Vikundi vya hisa navipenda kuliko vyote, kwa kuwa pale aibu inakulinda. Jirani anakuona ukikosa wiki mbili, anakuja na kukohoa mlangoni. Lakini akina mama, nisikilizeni vizuri sana, tunavunja hisa lini? Desemba! Tunagawana Desemba, tunanunua mchele wa Krismasi, vitenge na viatu vya watoto, wakati chuo kilifunguliwa mwezi uliopita na mtoto alikwenda kwa mkopo wa kausha damu. Nani alituamuru Desemba? Kaeni kikao, badilisheni katiba ya kikundi, vunjeni mwezi wa 9. Wenye watoto wa kidato cha tano na sita wafanye kikundi chao peke yao wakishindwa kuwashawishi wengine. Ni mstari mmoja tu kwenye daftari, haugharimu kitu, na unaweza kuokoa ng'ombe wawili.

Kwa hela ya miaka mingi, itoke kijijini. Hela iliyo karibu na mkono inasikia kila msiba na kila harusi. Benki zina akaunti za watoto, kama Chipukizi ya NMB, Junior Jumbo ya CRDB na Chanua ya NBC. Muulize mhudumu makato yake na lini unaruhusiwa kutoa, usione haya kuuliza mara mbili. UTT AMIS, ambayo ni taasisi ya uwekezaji ya serikali, ina Mfuko wa Watoto tangu 2008. Kianzio chake hakizidi bei ya kuku, unaongeza kidogokidogo, na siku hizi unaweka kwa simu hukohuko Meatu. Vipande vyake hupanda na vinaweza kushuka, ndiyo maana ni vya miaka mingi. Watumishi na wafanyabiashara wa mjini mlio na milioni 1 imekaa bure, hatifungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu zinaanzia hapo, na riba yake inalipwa kila miezi sita. Mkulima wa ekari 5 asiumie kichwa na hizo. Aanze na kuku wake.

Na kausha damu, jina lake linajitosheleza. Anayekopa kausha damu kulipia chuo anamvika mtoto joho kwa damu ya mama yake. Nimewaona wakopeshaji hao wakibeba makochi ya watu mchana kweupe. Nisiseme zaidi.

Sasa jambo zito, na wazee wenzangu msiinamishe vichwa. Tunahesabu ng'ombe wa binti kabla hajamaliza kidato cha pili. Baba amekaa kwenye kigoda anamtazama binti yake Minza akipita na ndoo, anaona ng'ombe 20 wakitembea nyuma yake. Mahakama Kuu mwaka 2016, katika kesi ya Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vinavyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 ni kinyume cha katiba, na Mahakama ya Rufani mwaka 2019 ikakubali. Sheria ya elimu inampa miaka 30 jela anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Hata hivyo sitaki umsomeshe kwa kuogopa jela. Nataka uone hesabu yako inavyokudanganya. Ng'ombe 20 wa mahari wanaingia zizini leo, wanatoka kesho kwenda kumwolea kaka yake. Binti yangu yule, niliyemuuzia maksai, leo ni mwajiriwa. Paa la bati la nyumba yangu ameliweka yeye. Dawa za presha za mama yake zinakuja kila mwezi kabla za zamani hazijaisha. Ng'ombe gani wa mahari aliwahi kukumbuka presha ya mtu?

Kumbukeni pia miaka ile Anthony Mtaka alipokuwa mkuu wa mkoa wetu, watoto wakawekwa kambi za kitaaluma, mkoa uliokuwa ukichekwa kwa matokeo ukaanza kutajwa kwa heshima. Tuliweza! Maswa vijana wakatengeneza chaki, tukaandika ubaoni kwa chaki yetu wenyewe. Nane Nane ya kitaifa ikaja Nyakabindi miaka mitatu mfululizo, 2018 mpaka 2020. Watoto wetu tumewafundisha kufaulu. Sisi wenyewe ndio hatujajifunza kulipia kufaulu kwao. Na mtoto aliyefaulu kisha akabaki nyumbani kwa kukosa nauli na godoro, huyo anaumia kuliko aliyefeli, kwa sababu anapita kila siku mbele ya ubao wa matokeo akijua jina lake lilikuwapo.

Harusi tunaziundia kamati. Mwenyekiti, katibu, mtunza hazina, kadi mbili, moja ya mtu mmoja na moja ya watu wawili. Je, nani amewahi kupokea kadi ya mtoto anayekwenda chuo? Mimi nilichapisha za mwanangu wa pili. Watu walishangaa, wengine wakauliza chakula kitakuwa nini. Nikawaambia hakuna chakula, kuna mtoto. Walichanga, ingawa yule MC wa siku zile hakufika.

Basi msimu unakuja. Usiingoje hesabu ya mwisho wa mwaka, maana mwisho wa mwaka hakuna hesabu, kuna madeni. Siku simu inapoita kwamba malipo ya pamba yameingia, kabla hujapita dukani, kabla hujamwambia rafiki, zidisha kilo kwa 100 na uzihamishe hapohapo ukiwa umesimama. Mwite mtoto aone. Aandike mwenyewe kwenye daftari, tarehe, kilo, shilingi. Mtoto anayejua kuna kihenge chake anasoma kwa namna nyingine. Hilo nimeliona darasani kwa miaka yangu yote ya chaki.

Mjukuu wangu ana miaka 5. Msimu uliopita nilimpeleka pale AMCOS, akakaa juu ya robota akitazama mzani. Zilipatikana kilo 1,340. Nilimwandikia 134,000 kwenye daftari lake, naye akachora kuku pembeni ya hesabu kwa sababu hajui bado kuandika. Jioni dada yangu akapiga simu kutoka Meatu. Ana harusi ya kijana wake, kamati imepungukiwa, na amesikia ndugu yake ameuza pamba. Nilimwambia yangu nimekutumia, ile nyingine si yangu, ina mwenyewe. Akauliza mwenyewe ni nani. Nikampa simu yule mtoto, akamsalimia bibi yake vizuri sana.

Dada alikata simu. Mpaka naandika karatasi hii bado amenuna.